Karatasi ya Gurudumu na Karatasi ya Mnara

Haya nilisimuliwa na Tusekile mwenyewe, mwezi wa nne mwaka 1978, siku mbili za mvua iliyotufungia jikoni kwangu. Yeye akimenya viazi, mimi nikichambua maharage. "Mengine nilimwambia mchungaji," alisema. "Hili nililiruka." Nami naliandika hapa, pale pale aliporuka.

Tulipoachana wiki iliyopita, fahali wa matanga alikuwa chini, koo wazi. Aliyemchinja ni Lutengano, kaka wa marehemu. Alikitazama kisu, akamtazama mjane, akasogea. Akakipangusa kisu kile kwenye kanga ya Tusekile, upande huu na upande huu, mbele ya ukoo mzima.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alikuwa ameweka alama yake.

Kwa aliyeingia sasa, yaliyotangulia ni haya. Mwaka 1974, mwezi wa tisa, Jailos, fundi wa magari hapa Uyole, aliingia chini ya lori la mizigo. Jeki ikateleza, lori likamkalia kifuani. Walipolinyanyua alikuwa ameshakata roho. Siku ya tatu Lutengano akamhamishia mjane kwenye kijumba cha uani kwake, na sanduku la spana za marehemu akalichukua hapo hapo.

Kwa desturi yetu huku, mke wa marehemu hurithiwa na ndugu. Akikataa, hafungwi kamba, ila ng'ombe waliotolewa mahari lazima warudi. Wa Tusekile walikuwa watano. Ng'ombe mmoja wakati ule alikuwa shilingi mia tano. Fanya hesabu mwenyewe, halafu umtazame mwanamke mwenye kanga mbili na mdogo wake mmoja tu wa kiume, Andendekisye, seremala wa randa moja na msumeno mmoja. Ukoo ulimpa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi.

Na Lutengano hakuwa mtu wa kurithiwa naye. Alishamvunja mkono muuza viazi pale sokoni kwa sababu ya gunia lililopungua debe. Mkewe, Sekela, hakuwa na meno ya mbele, juu wala chini. Siku Tusekile alipohamia, Sekela alimpokea mzigo, akamwambia kwa upole kabisa, "Karibu, mke mwenzangu. Hayo meno uliyo nayo, yatafunie mahindi ya kuchoma sasa hivi."

Kilichobaki cha Jailos ni karatasi mbili.

Miaka kumi na tisa alimtengenezea matrekta Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku Iringa. Mgiriki alipofunga virago hakuwa na fedha ya kumwachia, akampa hisa za viwanda viwili vya magari vya Ulaya. Karatasi moja, ya kiwanda cha Ufaransa, ilikuwa na picha ya gurudumu. Nyingine, ya Ujerumani, ilikuwa na picha ya mnara. Hazikuandikwa jina la mtu. Aliyeishika ndiye mwenyewe. Pembeni zilikuwa na vipande vidogo vidogo mfano wa stempu, na kila mwaka Jailos alikata kimoja kwa mkasi, akakipeleka benki Iringa, akarudi na gawio. Mwaka ule Gurudumu ilimpa shilingi mia moja thelathini na tano, Mnara ikampa mia moja na ishirini.

Wazee walikata shauri: mjane moja, ndugu moja, kugawana ni Jumamosi saa sita, na ndugu achague kwanza.

"Anza kuchagua wewe, shemeji," Lutengano akamwambia, anacheka. "Utakayoipenda wewe ndiyo nitakayoichukua mimi."

*

Alhamisi alfajiri Tusekile akapanda basi la Iringa, karatasi zote mbili zimeshonewa ndani ya gagulo. Alisema anapeleka habari ya msiba kwa waliofanya kazi na marehemu. Lutengano hakumzuia. Hilo lilimshangaza mpaka basi lilipofika Igawa, ndipo akaelewa kwamba ametumwa. Aende akaulize ipi ni bora, arudi, na jibu lisomwe usoni pake.

Kutoroka hakukuwa na maana. Angetoroka, ng'ombe watano wangedaiwa kwa Andendekisye, na Andendekisye alikuwa hana hata kuku wa kumchinjia mgeni.

Alikwenda kwa mzee Liberatus Kalinga, karani wa zamani wa yule Mgiriki, aliyekaa kule juu mjini, jirani na soko. Miwani yake ilifungwa uzi sikio moja. "Kamwene, mama," alimsalimu, na alipojua ni mke wa nani akakaa chini akamlilia Jailos. Alipomaliza akanawa mikono kwa sabuni ndipo akazigusa zile karatasi.

Mzee alikuwa na magazeti ya Ulaya, ya wiki tatu nyuma. Aliyapata kwa daktari Mjerumani wa hospitali ya misheni, akiisha kuyasoma. Nyuma kabisa kulikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa, safu kwa safu, ndizo bei za hisa. Akapitisha kucha mpaka akaifikia Gurudumu. Akapitisha tena mpaka akaifikia Mnara.

Tusekile akamwambia anataka kujua ipi inatoa zaidi.

"Usiulize inatoa ngapi," mzee akasema. "Uliza inatoa ngapi kwa kila mia ya bei yake."

Akamfanyia kwa mkaa sakafuni. Gurudumu, ukiiuza leo, ni shilingi mia tisa. Gawio lake mia moja thelathini na tano. Kila mia imezaa kumi na tano. Mnara, ukiiuza leo, ni elfu tatu. Gawio lake mia moja na ishirini. Kila mia imezaa nne tu.

Tusekile hakuhitaji kurudiwa. Mtu aliyekulia kwenye kukama hesabu hiyo anaijua kabla ya kuota meno.

"Basi Gurudumu ndiye ng'ombe," akasema. "Bei ya mbuzi, maziwa ya ng'ombe. Mnara anakula majani bure."

Mzee akavua miwani. "Mama, umefika mnadani. Umemkuta ng'ombe mwenye maziwa namna hiyo, na mwenyewe anakuuzia bei ya mbuzi. Unafanyaje?"

Tusekile akasema polepole, "Namsikiliza kama anakohoa."

"Anakohoa," mzee akasema.

Akamweleza. Tangu mwaka jana mafuta yamepanda, Wazungu hawanunui magari kama zamani. Ya kile kiwanda cha Ufaransa yamejaa uani, mvua inayanyeshea. Miaka miwili nyuma karatasi ile ile ilikuwa elfu nne, sasa ni mia tisa, kwa sababu walio karibu na zizi wameshasikia kikohozi na wanaharakisha kuuza. Gawio limebaki nono kwa kuwa wakubwa wa kiwanda wanalichota akibani ili wenye hisa wasikimbie. Ni mtu anayechinja mtamba wake wa mwisho ili wageni wadhani ana zizi. Kipande cha mwaka ujao, mzee akasema, pengine hakitafikia bei ya mkasi wa kukikatia. Mnara inatoa kidogo kwa sababu wanaoijua hawaiachii kwa bei ndogo.

Kisha akamwambia neno lililomtoa jasho. Yule daktari Mjerumani anarudi kwao kabisa. Ana shilingi ambazo haruhusiwi kuvuka nazo mpaka, na karatasi kama Mnara angeinunua elfu tatu taslimu. Yuko vijijini, atarudi Iringa Jumamosi, ataondoka Jumatatu alfajiri. Mwisho wa kumwona ni Jumapili jioni.

Elfu tatu. Ng'ombe watano, na mia tano ya kuanzia maisha.

Kumwachia mzee karatasi ile siku hiyo hiyo, Tusekile hakuthubutu. Mali haijagawanywa, kuiuza ni wizi, na wizi wa mjane hulipwa na ndugu zake. Kwanza aipate kwa haki, mbele ya wazee. Akamuuliza mzee ataipataje.

Mzee akaisugua hesabu yake kwa unyayo. "Hilo halimo gazetini, mama."

Alilala hapo, Ijumaa akapanda basi kurudi, na njia nzima hakuyaona mashamba wala magari. Alikuwa anamfikiri Lutengano kama mtu anavyomfikiri ng'ombe mkali kabla ya kuingia zizini. Akisema anataka Mnara, atachukua Mnara. Akisifia Gurudumu, atajua ni mtego. Mtu yule alikuwa haamini anachopewa. Alikuwa anaamini alichonyang'anya.

Basi lazima yeye Tusekile anyang'anywe Gurudumu.

*

Jumamosi saa tatu, kabla wazee hawajafika, Lutengano akamwita uani azione karatasi.

Tusekile akaiweka Mnara juu ya kigoda, ovyo, kama mtu anavyoweka kifuniko cha chungu. Akasema ile nyingine imedondoka kwenye basi.

"Imedondoka?"

"Ndiyo, shemeji. Nimeitafuta mpaka chini ya viti."

Gurudumu ilikuwa imekunjwa kwapani mwake, mkono wa kushoto. Lutengano akautazama mkono ule, ulivyobanwa. Akaenda akalifunga lango la ua kwa komeo. Akaingia ndani, akatoka na mkanda wa ngozi wa nira. Sekela alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Tusekile alikuwa amejipangia mikanda saba. Chini ya hapo Lutengano angejiuliza mbona imekuwa rahisi. Saba, halafu kwapa lifunguke lenyewe.

Wa kwanza ulimpata mgongoni, ukamtoa pumzi yote. Wa pili ulipita juu ya wa kwanza. Wa tatu ukazunguka shingo, akauma ulimi, mdomo ukajaa damu. Lutengano hakuwa anafoka. Alikuwa anauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Iko wapi, shemeji? Iko wapi?" Wa nne ulimwangusha, na alipoanguka Lutengano alimwongezea teke la ubavuni, Tusekile akasikia kitu ndani kimekatika kama ukuni mkavu.

Pale chini ndipo alipomsikia Andendekisye nje ya ua.

Alikuwa ametoka kukata mianzi. Aliita, "Dada? Mbona lango limefungwa mchana?"

Hapa ndipo pa kurukwa mbele ya mchungaji. Alimsikia. Aliitambua sauti, akajua ana panga mkononi, kwa sababu mianzi haikatwi kwa vidole. Mikanda minne na teke moja vingemtosha mtu yeyote. Angefungua kwapa wakati ule, Lutengano angeokota chake, lango lingefunguliwa, na siku ingeishia na mgongo wake tu.

Akabana kwapa. Wa tano ukamshukia usoni, na mara hii kelele ilimtoka bila kuipanga.

Andendekisye aliruka ua. Kijana yule alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi kwa msumari alioupinda. Alimpiga Lutengano kwa ubapa wa panga, begani, kama anafukuza ng'ombe shambani. Ubapa. Hakujua kupigana. Lutengano akamshika kifundo cha mkono, akakigonga kwenye nguzo ya mlango mara mbili, panga likabadili mwenyewe. Andendekisye akainua mkono wa kulia kujikinga.

Vidole vitatu vilianguka karibu na kigoda. Panga likarudi tena, likaingia begani, likakwama kwenye mfupa, Lutengano akakanyaga kifua cha mwenzie ili alichomoe.

Ndipo Tusekile akafungua kwapa. Akaiachia Gurudumu, ikafunguka vumbini katikati yao.

Lutengano akaiona. Akamwacha mtu aliyekuwa anamkata, akainama, akaiokota, akaifuta damu kwa mkono wa shati. Alikuwa anahema, na alikuwa anatabasamu. Akakipiga teke kigoda, Mnara ikaruka ikaangukia mapajani mwa Tusekile.

"Hiyo yako, shemeji. Tumegawana."

Wa sita na wa saba haikuja.

Wazee walipofika saa sita walikuta ua umemwagiwa majivu. Waliuliza habari ya karatasi kwanza. Wakaambiwa kila mmoja ana yake mkononi, wakatikisa vichwa, wakasema basi limekwisha.

*

Majirani walimpakia Andendekisye kwenye gari la viazi mpaka hospitali Mbeya mjini. Daktari alimshona bega, vidole hakuvirudisha. Tusekile alifungwa mbavu kwa kitambaa, akakaa ubaoni kando ya kitanda, Mnara iko tumboni chini ya kitambaa kile kile. Alipoinama, karatasi ililia kidogo.

Aliwaza basi la kesho saa kumi na mbili asubuhi. Akifika Iringa jioni atamkuta daktari. Jumatatu atakuwa mtu huru. Andendekisye atamsamehe, damu ya mtu na dada yake hainunuliwi dukani.

Saa tisa akaja askari polisi, mtu mzima, si mkali. Akavua kofia kwa ajili ya mgonjwa. Akasema Lutengano ameshatoa maelezo yake kituoni: mtu ameruka ua wake na panga kuja kuiba, naye amejitetea. Ua umerukwa kweli? Umerukwa. Panga ni la nani? La Andendekisye.

"Sasa mama, mlikuwa mnagombania nini?"

Tusekile alijua kwa nini Lutengano hakuitaja karatasi. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na Azimio linamkataza kiongozi kuwa na hisa. Angeitaja, angejimaliza mwenyewe. Mtu pekee wa kuitaja alikuwa yeye.

Akauliza, kama mtu anayeuliza bei tu, kitu cha ugomvi kikionekana kinakuwaje. Askari akasema kinakuwa kidhibiti. Kinakaa kituoni mpaka hukumu. Hukumu hata mwaka inafika. Na vikiwa viwili vya jozi moja? Vinakaa vyote viwili.

"Kesho saa mbili nitakuja kuandika maelezo yako," akasema. "Ukinipa sababu ya kweli, kesi inageuka. Usiponipa, huyu akipata nafuu anatoka hapa kwenda rumande. Jela ya panga si ya mwezi mmoja."

Akaacha askari kijana kwenye kiti, na pingu. Mkono wa kulia wa Andendekisye ulikuwa bandeji tupu, wakamfunga wa kushoto kwenye chuma cha kitanda.

Askari mkubwa hajafika mbali, Sekela akaingia na bakuli la uji limefunikwa sahani. Akamnywesha Tusekile vijiko vitatu. Kisha akamsogelea sikioni, askari kijana asisikie.

"Midomo yako ilikuwa inahesabu."

Tusekile akaufuta mdomo kwa kanga.

"Mimi nimepigwa miaka kumi na moja, mwenzangu. Sijawahi kuhesabu. Mtu hahesabu mikanda ya kitu anachotaka kubaki nacho." Akakoroga uji. "Basi aliyoichukua ni mbovu. Nzuri unayo wewe, na kesho unakwenda kuiuza."

Hapo Tusekile akauliza anataka kiasi gani.

Sekela akamtazama kama aliyetukanwa. Akasema hataki hata senti. Anataka kesho saa mbili Tusekile amweleze askari kila kitu, karatasi na yote, Lutengano afungwe, na yeye alale usiku mmoja bila kusikiliza hatua za mtu. Akipanda basi, basi na yeye Sekela atarudi nyumbani, atamwamsha mumewe, amwambie akaisomeshe karatasi yake kwa mtu mwenye macho. Atakavyofanya baada ya hapo, Tusekile anamjua.

"Nikisema, Mnara inabaki polisi," Tusekile akamwambia. "Ng'ombe hawarudi. Nitarithiwa."

"Utarithiwa na mtu aliye jela. Unamjua mume bora kuliko huyo?"

"Akitoka?"

Sekela alilifunika bakuli lake, akafuta kijiko kwenye kanga. Alisema atalala kwa shangazi yake Soweto, karibu na stendi, na kesho alfajiri atakuwa amesimama pale basi linapopakia. Akimkuta, amemkuta. Akaondoka kwa mwendo wa taratibu, kama mtu aliyetoka kumjulia hali mgonjwa.

Jua lilikuwa bado juu ya mlima Loleza. Muuguzi akaja na sindano, akasema itamlaza mgonjwa mpaka asubuhi. Dawa ilikuwa haijapanda vizuri, Andendekisye akafumbua macho. Akaiona pingu, akaitazama kama kitasa kilichofungwa vibaya. Akamtafuta dada yake.

"Ameichukua?"

"Ameichukua."

"Ile nzuri?"

Tusekile akakubali kwa kichwa.

"Usilie basi," Andendekisye akasema. "Tutakula hiyo mbovu. Nikitoka hapa kuna oda ya madawati ya shule. Nitakurudishia hao ng'ombe mmoja mmoja, utaona." Akajaribu kuusogeza mkono wa kulia juu ya shuka, haukumtii. "Mbona siusikii?"

"Ni dawa," Tusekile akasema.

Akaridhika na hilo. Kope zilimwelemea. Halafu akauliza, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaka tu kulijua jambo kabla hajalisahau:

"Dada, nilipoita pale nje, ulinisikia?"

Tusekile alitazama bandeji. Ilikuwa pana upande mmoja, nyembamba upande wa pili.

"Sikukusikia."

"Nilidhani hukunisikia," akasema Andendekisye. "Ungenijibu." Akageuza uso ukutani, akalala, mdomo wazi kidogo, kama alivyolala alipokuwa mtoto, dada yake akimbeba mgongoni.

Askari kijana alikuwa ameshatangulia, kofia magotini, kidevu kifuani.

Tusekile akatandika kanga sakafuni, chini ya kile kitanda, akalalia ubavu wa kulia, maana wa kushoto haukuwa wa kuguswa. Karatasi ikamkwaruza tumbo. Huko juu pingu ililia mara moja Andendekisye alipojigeuza, ikatulia. Viatu hakuvivua. Alimwambia Mungu wake kwamba anafumba macho tu, hajalala, anafikiri kama viatu vile ni vya kuwahia basi au vya kumpokelea askari. Alikuwa hajapata jibu usingizi ulipomchukua.